Nyumba Iliyokataa Kupanda Ngamia

Paukwa!

Pakawa!

Aliyekaa penye moshi asogee, asije akasema amelizwa na hadithi. Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kiu anywe sasa, maana tunakokwenda maji ni ya kuchimba.

Hapo zamani za kale, mahali ambapo leo pana kijiji cha Dakabu palikuwa na mchanga, mawe na upepo. Mto ulikuwapo, lakini ulikuwa mto wa mchanga. Mvua ikinyesha milimani, maji yalishuka kwa kishindo, yakapita, yakaenda zake. Yaliacha tope, na tope likakauka, na upepo ukarudi kazini.

Watu wa huko walifuga ngamia. Kijiji hawakuwa nacho. Walikuwa na nyumba, na nyumba zao zilitembea kwa miguu ya ngamia. Nyumba ilikuwa mali ya mwanamke. Ni yeye aliyesuka mikeka yake, aliyepinda fito zake, aliyepigilia vigingi vyake. Mwanamume alikuwa na mifugo. Nyumbani alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Na mwiko wao ulikuwa huu: kambi haihami hata nyumba moja ikiwa imesimama. Mwanamke mmoja akichelewa kufunga, wote walimngoja, hata kama walimngoja wakimtukana.

Majani yalipoisha, mzee wa kambi, jina lake Abudho, alipanda juu ya jiwe akaita:

"Ng'oeni!"

Wanawake wakang'oa vigingi.

"Pakieni!"

Ngamia wakapiga magoti, wakalalamika, wakapakiwa.

"Twendeni!"

Wakaenda. Majani mapya yakiisha nayo, Abudho akatafuta jiwe jingine.

Katika kambi hiyo aliishi Talaso, mke wa Wario. Talaso alikuwa hodari wa kufunga nyumba. Aliweza kuiangusha na kuikunja kabla maziwa ya jirani hayajachemka. Wanawake walimsifu kwa hilo. Yeye mwenyewe hakujisifu, kwa sababu alikuwa na jambo moja lililomkera tangu utotoni: hakuwahi kuona mwisho wa kitu kilichoota. Aliona majani yakichipua, wakahama. Aliona mti ukifunga maua, wakahama. Aliona mtango wa porini ukitambaa mchangani, ukaanza kutoa vitango vidogo kama kidole, wakahama.

Siku moja alimuuliza mama mkwe wake, Bibi Dadhe, "Mama, haya maua huwa nini baadaye?"

Bibi Dadhe alikuwa juu ya ngamia, ameshikilia chungu kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mkono wa pili. "Huwa ya watu wengine, mwanangu," akasema.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha milimani kuliko kawaida. Mto ukashuka na magogo, na mizoga, na mlango wa mtu. Ulipopita, kambi ya Abudho ikasimama karibu na ukingo, kwa kuwa majani yalikuwa yameota pande zote. Wario akawapeleka ngamia malishoni, mbali kidogo. Talaso akachukua kibuyu cha maziwa na kiriba, akashuka mtoni kuchota.

Kwenye tope akakuta msafara wa sisimizi. Kila mmoja alikuwa amebeba punje nyeupe, kubwa kuliko kichwa chake.

"Hodi wenyewe," akasema Talaso.

"Karibu, ila usikanyage," wakajibu sisimizi.

"Mmebeba nini?"

"Mtama. Mto umewaibia watu wa milimani, na sisi tumeuibia mto."

"Mnaupeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Na mtahama nao lini?"

Sisimizi wa mbele akasimama. Wa nyuma wakamgonga, nao wakagongwa na wa nyuma yao. "Kuhama ni nini?" wakauliza.

Talaso akawaeleza. Akawaeleza habari za vigingi, na mikeka, na Bibi Dadhe na chungu chake. Sisimizi wakacheka mpaka wengine wakaangusha mizigo.

"Kwa hiyo nyinyi mnabeba nyumba mnaacha chakula," wakasema. "Sisi tunabeba chakula, nyumba tunaiacha ilipo."

Talaso hakucheka. Alikuwa akizitazama zile punje. "Nigawieni," akasema.

"Tupe kitu."

Akadondosha maziwa kidogo juu ya jiwe bapa. Wakanywa. "Ongeza," wakasema. Akaongeza. Wakanywa. "Ongeza," wakasema. Akaongeza mpaka kibuyu kikabaki na harufu tu. Sisimizi wakashauriana, wakamwachia punje za kujaa konzi moja.

"Nizifanye nini?"

"Sisi tunakula," wakasema. "Lakini zile tunazozisahau kwenye tope huota. Basi wewe zisahau kwenye tope. Ila usisahau ulipozisahau."

Talaso akachukua kijiti, akachimba vishimo kwenye tope la ukingo, akaweka punje, akafukia. Hakumaliza safu ya kwanza kabla Abudho hajapita na mbuzi wake.

"Ee, mke wa Wario! Kwetu ardhi huchimbwa kwa kisima au kwa kaburi. Wewe umepata maji, au umefiwa?"

"Sijapata maji, wala sijafiwa, mzee wangu. Ninasahau punje."

Abudho akamtazama kitambo. Kisha akaenda kuwaambia wanaume kwamba jua limemwingia mke wa Wario kichwani.

Punje zikaota. Kwanza zilikuwa kama sindano, kisha kama vidole, kisha zikamfika Talaso magotini. Kila asubuhi alishuka mtoni, akang'oa magugu, akafukuza mbuzi. Hakuwa na haja ya kwenda mapema hivyo, lakini alikwenda.

Pale mtoni alikuwapo firigogo, yule ndege wa jangwani anayelowesha manyoya ya kifua kwenye maji na kuwapelekea makinda wake wanywe. Alikuwa akilowesha kifua kwenye kidimbwi cha mwisho.

"Ndugu yangu firigogo," akasema Talaso, "wewe unaruka mpaka milimani. Kitu hiki mwisho wake ni nini?"

"Suke," akasema firigogo. "Kila bua litatoa suke, na kila suke lina punje kuliko ulizopanda zote."

"Lini?"

"Mwezi ufe, na ufe, na ufe tena."

"Mbona unaniambia bila kuniomba kitu?"

"Kwa sababu nitakuja kula," akasema firigogo, akaruka na maji yake.

Talaso akarudi nyumbani akihesabu majani ya malisho kwa macho. Yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Akajua kwamba mwezi wa tatu hautafika kabla Abudho hajapanda jiwe.

Lakini kabla ya jiwe akaja Wario.

Wario alikuwa mume mwema. Alitoka malishoni akiwa na ngamia wake wa kengele, jina lake Kore, yule anayetangulia misafara yote. Alikuwa amekumbatia mzigo wa kijani mpaka kidevuni, na meno yake yote yalikuwa nje.

"Talaso! Njoo uone! Nimepita mtoni nimekuta majani ambayo baba yangu hakuyaona, na babu yangu hakuyaona. Nimeyakata yote kabla mbuzi wa Abudho hawajayanusa. Kore amekula nusu. Hii nusu nimekuletea wewe, kwa yule ndama wako."

Talaso akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Wario," akasema, "hayo ni yangu."

"Najua ni yako. Si ndiyo maana nimekuletea?"

Bibi Dadhe akachungulia kutoka ndani, akaona mzigo, akaona uso wa mkwewe, akarudi ndani. Akasema akiwa huko huko, "Mwanangu, rudi malishoni. Ukibaki hapa utapigwa, na mimi ndiye nitakayekupiga."

Mfugaji akiona kijani huona tumbo la mnyama. Wario hakuwa na jicho jingine, hakupewa. Alipoelezwa alichokata, aliuweka mzigo chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kabla jua halijatua Kore akaugua. Magoti yakatetemeka, povu likamtoka mdomoni, akalala ubavu katikati ya kambi. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema ni laana ya kuchimba ardhi. Wa pili akasema alijua tangu mwanzo. Wa tatu akasema yeye alijua kabla ya wa pili. Abudho akamtazama tu Talaso. Bila Kore, msafara ungemfuata nani?

Talaso na Wario wakakaa upande huu na upande huu wa ngamia, wakimsugua tumbo, wakimnywesha maji kidogo kidogo. Kulipopambazuka Kore akapiga chafya, akainuka kwa miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akawatazama watu waliokuwa wakimpangia kifo.

"Nani alinipa mtoto mchanga nile?" akauliza.

Wario akainua mkono.

"Kitu kile bado kilikuwa na hasira za kuzaliwa," akasema Kore. "Kiacheni kikue. Kikikomaa, mimi nitakula mabua, na punje mtakula nyinyi. Kila mtu na tumbo lake."

Talaso akashuka mtoni kwenda kufukia visiki. Hakuvifukia. Ubavuni mwa kila kisiki kulikuwa na jani jipya, limejikunja kama ulimi. Mtama hauna kinyongo: ukiukata, hukuuliza ulikuwa unasema nini, kisha huendelea.

Siku zikapita. Malisho yakawa manjano, yakawa meupe, yakawa vumbi. Siku moja, jua likiwa limeanza kuchoma, Abudho akapanda juu ya jiwe.

"Ng'oeni!"

Vigingi vikang'oka kambi nzima.

"Pakieni!"

Ngamia wakapiga magoti, wakalalamika, wakapakiwa.

"Twendeni!"

Hakuna aliyekwenda. Nyumba moja ilikuwa imesimama, mikeka yake imekazwa vizuri kwenye fito, na Talaso amekaa mlangoni akisuka kamba.

Watu wakamzunguka. Abudho akateremka, akaja mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu alizifuata hata akikasirika.

"Mke wa Wario, una mgonjwa ndani?"

"Sina, mzee wangu."

"Una mzazi ndani?" Maana kwa watu wale nyumba yenye mzazi haikubomolewa, na kambi nzima ilimngoja hata ngamia aliyekaribia kuzaa.

"Mzazi ninaye," akasema Talaso, "ila si ndani. Yuko mtoni. Njooni mmuone."

Wakamfuata, wengine kwa hasira, wengine kwa sababu hawakuwa na nyumba ya kurudi. Mtama ulikuwa umefika mabegani, na kila bua lilikuwa limevimba karibu na kilele. Talaso akashika moja, akafunua jani taratibu kama anayefunua shuka. Ndani palikuwa na suke, changa bado, limejikunja.

"Mngemngoja ngamia azae," akasema. "Mngojeni na huyu."

Wazee wakainama. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile, lakini mimba walikuwa wameziona nyingi, na hii waliitambua.

"Mimba ya ngamia najua baba yake," akasema Abudho. "Hii baba yake nani?"

"Mto."

"Mto! Mto ulipita mara moja ukaenda zake!"

"Ndivyo wengi wanavyofanya, Abudho," akasema Bibi Dadhe kutoka nyuma, "na watoto huzaliwa vivyo hivyo."

Wanawake wakacheka mpaka vigingi vikawaponyoka mikononi. Hata Wario akacheka, kisha akajitazama kama amekosea.

Abudho akangoja kicheko kiishe. "Haya, tumecheka," akasema. "Kicheko hakishibishi ngamia. Malisho yamekwisha, Talaso. Tukingoja masuke yako, ngamia watakufa mmoja mmoja, na atakayeulizwa ni mimi. Nijibu hilo."

Talaso aliwaangalia wale ngamia, mbavu zao zilihesabika. Aliwalea baadhi yao kwa mkono. Akapanda ukingo, watu wakampisha, akaenda mpaka nyumbani kwake. Akapiga magoti. Akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili.

"Ngoja kwanza," ikasema sauti.

Alikuwa Kore. Alikuwa amepakiwa nyumba ya Abudho: fito huku, mikeka huku, na vyungu juu.

"Mzee Abudho," akasema Kore, "sisi ngamia tunafuata majani. Hilo tunalifanya kwa miguu yetu na hatujawahi kulalamika."

"Mnalalamika kila siku!" akasema Abudho.

"Tunalalamikia mizigo. Kila tukifuata majani mnatubebesha fito. Mnatubebesha mikeka. Mnatubebesha Bibi Dadhe."

"Mimi si mzito," akasema Bibi Dadhe.

"Si uzito, bibi. Ni maneno, tangu asubuhi mpaka jioni, karibu na sikio." Kore akamgeukia tena Abudho. "Mmesema kambi haihami nyumba moja ikisimama. Sawa. Sasa niambieni, nani alisema kambi ihame? Anayehitaji majani ni mimi. Je, nyumba inakula majani?"

Watu wakaigeukia nyumba.

"Mkeka unakula majani?"

Wakautazama mkeka.

"Basi vijana waje nasi kwenye malisho na viriba vyao. Wenye ndama wabaki hapa, miti ya mtoni inawatosha. Sisi tutarudi. Tumewahi kupotea lini?"

Wazee wakatazamana. Abudho akajikuna ndevu. "Jambo hilo halijawahi kutokea," akasema.

"Na hakuna nyumba iliyowahi kunishukuru," akasema Kore, akapiga magoti ili ashushwe mzigo.

Abudho akazunguka nyumba ya Talaso. Akazunguka tena. Akasimama mbele yake. Talaso bado alikuwa ameshika kigingi.

"Mpaka huyo mzazi wako azae," akasema. "Akizaa makapi, utaipakia nyumba yako, na yangu, na ya kila mtu hapa, peke yako, na hakuna atakayekusaidia hata kufunga kamba."

"Nimekubali," akasema Talaso. Akakigonga kile kigingi kwa jiwe, kikazama zaidi kuliko mwanzo.

Ngamia wakaenda na vijana wao. Nyumba zikasimamishwa upya pale pale zilipokuwa, na wanawake wakashangaa jinsi kazi ilivyokuwa fupi: kila tundu la kigingi lilikuwa tayari. Visima vikachimbwa mchangani. Wario akabaki nyumbani, akajenga uzio wa miiba kuzunguka mtama kwa mikono yake, akachomwa, akajenga. Mbuzi wa Abudho walipojaribu kuingia, ni Wario aliyewatimua, akipiga kelele kuliko mtu yeyote.

Masuke yakatoka. Yakawa ya kijani, yakawa meupe, yakainamisha vichwa. Firigogo akaja kama alivyoahidi, na akaja na ukoo. Bibi Dadhe akawekewa kichanja cha miti, akapewa teo na mawe. Mawe hakuyatumia sana. Aliwatukana ndege mmoja mmoja, na mama zao, na mayai waliyototolewa, na ndege wakala kidogo wakaondoka wameudhika. Alisema tangu azaliwe hakuwahi kupata kazi iliyomfaa hivyo. Sisimizi nao wakaja, wakapanga mstari, wakasema, "Tumefuata zile tulizozisahau." Talaso akawamwagia konzi yao.

Siku ya kuvuna, kambi nzima ilikuwa ukingoni. Talaso akakata suke la kwanza, akalisugua viganjani, akapuliza. Makapi yakapeperuka. Punje zikabaki, zikajaa kiganja.

Talaso alizitazama kwa muda, mpaka Bibi Dadhe akamwambia, "Mwanangu, umeona mwisho. Sasa tupike, tuna njaa."

Uji wa kwanza alipewa Abudho. Akanywa, akakunja uso. "Unakwama kooni," akasema. Wakamwongezea maziwa. Akanywa, akasema bado unakwama kidogo. Wakamwongezea tena. Bakuli la tatu akalirudisha tupu, na akauliza kama zile punje zilizobaki zote zitaliwa au kuna zitakazosahauliwa.

Mvua ilipokuja tena milimani, mto ukashuka, ukaacha tope, na kila nyumba ikashuka na vijiti. Vijana wakarudi na ngamia wamenenepa. Kore akala mabua makavu, akasema yanafaa. Mwaka ule Abudho alipanda eneo kubwa kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mzee wa kambi, na Wario akapanda jirani naye.

Asubuhi moja mtama ukiwa magotini, Talaso alikuwa nyumbani akisaga. Akasikia kelele kutoka mtoni. Akanyamazisha jiwe la kusagia ili asikie vizuri.

"Umeingia kwangu!" ilikuwa sauti ya Abudho. "Hapa ni pangu!"

"Pako tangu lini?" akauliza Wario.

"Tangu zamani!"

"Zamani gani, mzee? Mwaka jana ulikuwa ukisema ardhi ni ya visima na makaburi!"

"Wewe usinifundishe ardhi! Mpaka wangu unapita pale penye kile kisiki, na atakayeuvuka nitamvunja mguu, na wajukuu zangu watawavunja wajukuu zako!"

Bibi Dadhe akajivuta kutoka kwenye mkeka. "Watauana wale," akasema. "Niende nikawaamue?"

Talaso alikuwa akicheka mpaka machozi yakadondokea unga.

"Waache, mama," akasema. "Mtu wa kuhama kesho hagombanii kisiki kwa ajili ya wajukuu."

Akashika tena jiwe, akaendelea kusaga.

Hadithi yangu imeishia hapo shambani. Wale wawili wangali wanabishana, sisi tukalale.